Mita Nane za Unadhifu

Kuna watu ambao wakiona waya umelala ovyo, usingizi hauji. Tulikuwa na mmoja wao katika maabara ya leza nilikosomea huko Ujerumani: kijana mpole, mwoka keki, asiyekosa vibano vya plastiki mfukoni. Ijumaa moja tulipokwenda zetu, alibaki akaipanga meza. Jumatatu kamera yetu ikaamka kipofu.

Kamera yenyewe si ya kupigia picha za Idi. Mbele ya kihisi chake kuna kikuza mwanga. Fotoni ikigonga bamba la mbele inatoa elektroni. Elektroni inavutwa kwa volti mia kadhaa ndani ya vijitundu vyembamba, inapiga kuta na kuzaana hadi maelfu, kisha kundi zima linaangukia skrini ya fosfori na kugeuka mwanga tena. Volti ya bamba la mbele ndiyo geti: ikigeuzwa, hakuna elektroni inayopita. Geti hilo laweza kufunguka kwa nanosekunde chache tu, na katika nanosekunde moja mwanga husafiri sentimita 30, urefu wa rula ya shule.

Kwa hiyo kazi nzima ni kuwahi. Leza ilipiga mara 10 kwa sekunde, kila pigo nanosekunde chache, kwenye rangi ya rhodamine 6G iliyoyeyushwa katika ethanoli. Rangi hiyo hung'aa, na mng'ao wake hudumu nanosekunde 4 hivi. Ukichelewa, umefika arusini sahani zinaoshwa.

Jumatatu hiyo tulizikuta zinaoshwa. Picha nyeusi tii, na washauri tele. Wa kwanza akasema geti ni jembamba, lipanuliwe. Likapanuliwa, lakini geti lililochelewa kufunguka ukilipanua unachelewesha kufunga tu. Wa pili akataka ukuzaji upandishwe. Ukapandishwa, picha ikajaa chenga nyeupe ambazo yeye, kwa imani aliyonayo, aliziita data. Wa tatu akang'ang'ania muda wa kihisi uongezwe hadi sekunde nzima. Kihisi kinaweza kukaa macho hata sekunde kumi, kitaona kile tu geti lilichopitisha, na geti halikupitisha kitu. Profesa alichungulia, akazima taa za dari kwa sababu ukuzaji ukiwa juu taa za kawaida zinaweza kukiua kikuza mwanga, akaenda kula. Hadi leo naona yeye ndiye aliyetoa mchango wa maana kuliko wote.

Oskiloskopu ikamaliza ubishi. Geti lilikuwa linafunguka nanosekunde 40 baada ya muda wake, na katika programu ucheleweshaji ulikuwa tayari sifuri. Huwezi kuiomba kamera ianze kabla ya kuambiwa.

Tukaishika kebo ya kuamshia na kuifuata kwa mkono. Zamani ilikuwa ya mita 2, ikikatiza hewani kutoka leza hadi kamera na kumkaba kila mpitaji. Sasa ilikuwa ya mita 10: imeshuka mguu wa meza, imefuata ukuta, imezunguka mlango, imepita nyuma ya kabati, kibano kila shubiri. Kazi safi kabisa. Ila katika kebo ya aina ile kila mita hula nanosekunde 5, na mita 8 za unadhifu zilikuwa zimekula mng'ao wetu wote.

"Lakini sasa hakuna anayejikwaa," akajitetea mwenye vibano. Kisha akapendekeza tuiache kebo yake ilipo, tuucheleweshe mwanga badala yake: uzungushwe kwa vioo mita 12 humo humo chumbani. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililotuudhi.

Tukairudisha kebo fupi, picha ikatoka. Yeye akahamia kwenye droo ya skrubu, azipange kwa urefu. Hakuna aliyemzuia, kwani skrubu hazina saa.