Tajiri wa Makaratasi
Mwaka 2014 wanatakwimu walikokotoa upya pato la taifa, na Kenya ikaamka ikiwa nchi ya kipato cha kati. Hongera zetu! Hapa Moi's Bridge, mkulima aliusikia utajiri wake redioni huku akigeuza mahindi aliyoanika juu ya turubai kando ya barabara. Bodi ya Nafaka haitaki unyevu unaozidi asilimia 13.5, karo ya Januari nayo haingoji jua. Basi dalali anabeba magunia kwa bei anayoitaka yeye. Ifikapo Juni, aliyelima yuko sokoni akinunua mahindi kwa gorogoro. Waheshimiwa, takwimu hazisongi ugali. Leteni vikaushio karibu na mashamba, na mkulima alipwe kwa wakati.