Mwenye Njaa na Miiko Yake

Waswahili husema mwenye njaa hana miiko. Mwandishi wenu aliiamini kauli hiyo mpaka siku alipochukua fereti wawili, jike na dume, kutoka kituo cha kuokoa wanyama huko Leeds, Uingereza. Fereti, kwa asiyemjua, ni wa ukoo wa kicheche: mwili kama soksi iliyojazwa mchanga, miguu mifupi, na harufu inayomtangulia mlangoni. Waingereza wamemtumia tangu zamani kufukuza sungura mashimoni. Hawa wawili hawakuwa na nguvu ya kufukuza hata nzi. Aliyewafuga kwanza aliwalisha kwa ubahili, na mbavu zao zilihesabika.

Mwandishi, mzaliwa wa Tanga aliyefundishwa kwamba mgeni mwenye njaa haulizwi maswali, akanunua kuku. Akawatengea mapaja. Dume akanusa, akageuka. Jike akalikanyaga paja, akapita juu yake kama mtu anayevuka mtaro.

Daktari wa mifugo alicheka kwanza, ndipo akaeleza. Fereti huzoea ladha akiwa bado mdogo, katika miezi michache ya mwanzo. Asichokionja wakati huo, ukubwani hukiona si chakula. Hawa walikulia punje kavu za rangi ya udongo, mithili ya vidonge, na nyama kwao ilikuwa sawa na kandambili. Lakini kususa nako hakukuwezekana kwa muda mrefu. Utumbo wa fereti ni mfupi mno, chakula hupita kwa saa 3 au 4 tu, hivyo ni lazima ale kidogo kidogo, usiku na mchana. Ikabidi punje zilowekwe kwenye supu ya kuku ya vuguvugu, na kila mmoja apakwe tone puani ili alirambe. Saa 8 za usiku, baba wa watoto watatu amepiga magoti jikoni, anampaka mnyama supu puani. Mungu awajalie heri waliobuni mapazia.

Wiki zikapita, kuku akakubalika. Ndipo wizi ulipoanza.

Jina la kisayansi la fereti ni Mustela furo, na hilo la pili lina asili ya neno la Kilatini la mwizi. Wataalamu hawakumsingizia. Fereti kwa kawaida huficha chakula, ila hawa walificha kama waliosikia tetesi za vita. Bakuli lilijazwa saa 1 asubuhi. Saa 2 lilikuwa jeupe, na matumbo yao hayajaongezeka hata chembe. Maini yalipatikana nyuma ya kochi. Shingo ya kuku ilikwenda shule ndani ya begi. Kipande kilichokuwa kwenye buti la kazini mwandishi alikigundua kwa vidole vya mguu, akiwa ndani ya basi lililojaa.

Nyama huoza, kwa hiyo kila jioni nyumba ilipekuliwa. Kwa huruma, kila akiba ilipoondolewa, mwandishi aliacha punje kavu mahali pake, wenyewe wasije wakafadhaika.

Katikati ya zoezi hilo mama mkwe akaja kutoka Tanga. Alikaa wiki tatu, akawaita fereti "wale panya warefu", akaondoka salama. Siku ya nne akapiga simu.

"Mwanangu, ahsante. Dawa ulizoniwekea kwenye kiatu nimeziona. Zimebaki tisa. Ni kutwa mara ngapi?"