Taa Yenye Itifaki

Swichi ya ukutani haina adabu. Akiibonyeza mwenye nyumba, taa inawaka. Akiibonyeza mtoto wa miaka mitatu, inawaka. Akiibonyeza mwizi, inawaka vilevile, tena papo hapo. Ndiyo maana nawavulia kofia watu walioiweka Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, ndani ya mashine pepe, na mashine pepe yenyewe wakaipachika kwenye sanduku la Synology lililonunuliwa kutunzia picha za harusi.

Kwao taa ina itifaki. Ukibonyeza kitufe, ombi linaruka hewani kwa redio ya Zigbee hadi kwenye kijiti kilichochomekwa kwenye USB. Linapokelewa na mfumo endeshi wa sanduku, ambao haulisomi. Kazi yake ni kulikabidhi kwa mashine pepe. Mashine pepe ina mfumo endeshi wake, nao haulisomi, kwa sababu mwenye mamlaka anakaa ndani zaidi, kwenye kasha la Docker: Home Assistant yenyewe, programu ya Python iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Akiridhia, jibu linarudi kwa njia ileile, na balbu iliyo hatua mbili kutoka kwenye kitufe inawaka. Ofisi gani imewahi kupitisha faili kwenye meza nyingi hivyo bila kumwambia mtu njoo kesho? (Njoo kesho ipo. Ni ya siku ya masasisho, na masasisho huja kila mwezi.)

Tena mpangilio huu unaunganisha familia. Umeme ukirudi saa tisa usiku, balbu nyingi za aina hii hujiwasha zenyewe, zote, hadi chumba cha watoto. Kuzizima ndiko kunakohitaji kibali, na mtoa kibali bado anaamka: kwanza sanduku, kisha mashine pepe, kisha makasha. Basi watu wote wako macho sebuleni, wanaongea kama zamani, huku baba akijaribu tena na tena kufungua ukurasa wa mtoa kibali, homeassistant.local:8123.

Hata diski zimepata ajira. Zamani zililala usiku. Sasa programu inaandika kila baada ya sekunde chache joto la friji na mlango wa choo uliofunguliwa, inatunza kumbukumbu hizo siku 10, kisha inazifuta. Na kijiti nacho kina masharti yake. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya GHz 2.4, ambako Zigbee nayo huongea. Dawa ni waya wa kurefusha tu, lakini fundi wa kweli huigundua akishabadilisha balbu zote.

Sifa moja si ya mzaha: kabla ya kusasisha unaweza kuhifadhi hali ya mashine pepe nzima, na mambo yakiharibika ukarudi ulikokuwa. Matokeo yake, mwenye nyumba huyaharibu kwa ujasiri mkubwa zaidi.

Anayeutaka utukufu huu atenge angalau GB 2 za kumbukumbu (RAM), ambazo ndizo zote yalizonazo baadhi ya masanduku madogo yakitoka kiwandani, na GB 32 za diski. Swichi ya ukutani asiing'oe.