Sifa za Sekunde Mbili za Usingizi

Katika majaribio ya programu zinazotumiana ujumbe kuna mstari mmoja ambao kila mtu huusema vibaya kikaoni, kisha akirudi kwenye meza yake huuandika. Ni ule unaoiambia kompyuta: lala sekunde mbili, halafu endelea. Vitabu vimeukataa, wakubwa wa timu wameupiga marufuku, nao upo tu. Kinachotukanwa kiasi hicho na bado hakikosi kazi kinastahili mtu wa kukisifu.

Tuanze na utulivu wake. Mteja analipa kwa simu. Programu ya kwanza inaweka ujumbe kwenye foleni na kwenda zake. Programu ya pili inauchukua kwa wakati wake na kuandika risiti. Jaribio linatuma malipo na papo hapo linaulizia risiti. Haipo, kwa kuwa haijaandikwa bado. Hapo wajuzi huanza kubishana kuhusu ishara, vikomo na namna ya kusubiri. Mstari wetu haubishani na mtu. Unalala, unaamka, risiti ipo, jaribio ni kijani, watu wanakwenda kula.

Wapo wanaolalamika kwamba siku nyingine haipo. Ni kweli. Kwenye kompyuta ya aliyeandika jaribio, sekunde mbili ni umri mzima. Kwenye seva inayoendesha majaribio ya timu nzima, saa kumi jioni, kila mtu akisukuma kazi yake kwa pamoja, programu ya pili huenda haijamaliza hata kuwaka. Jaribio linakuwa jekundu. Lakini tazameni ukarimu wake: liendeshe tena bila kugusa herufi moja, nalo linakuwa kijani. Na sifa hizi zimefika vyuoni. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichambua marekebisho ya majaribio vigeugeu katika miradi ya Apache, na kati ya waliyoweza kuyaainisha, asilimia 45 hivi yalitokana na kutosubiri ipasavyo kazi inayofanyika kando. Hakuna chanzo kingine kilichokikaribia hiki.

Kipaji chake kikubwa, hata hivyo, ni katika majaribio ya kukanusha. Malipo yamekataliwa, kwa hiyo risiti isiandikwe. Jaribio linatuma malipo mabovu, linalala sekunde mbili, linachungulia: hakuna risiti. Kijani! Sasa zima programu ya pili kabisa. Kijani. Kosea jina la foleni, andika «risti» mahali pa «risiti», ujumbe wote upotelee kusikojulikana. Kijani vilevile, tena cha kuvutia. Ni shahidi gani mwingine mwaminifu kiasi hiki, anayetoa ushahidi uleule hata pale ambapo tukio halikuwahi kutokea?

Mahasidi wana dawa yao. Wanasema: baada ya malipo mabovu tuma mazuri kwenye foleni ileile, subiri risiti ya haya mazuri, ndipo uangalie kama ya kwanza haikuandikwa. Hapo angalau utajua kuna mtu upande wa pili. Wazo si baya, nakiri kwa shingo upande. Lakini linadai ujue mpangilio wa ujumbe wako, na mfumo wa kupitisha ujumbe uitwao Kafka, kwa mfano, hulinda mpangilio ndani ya kizigeu (partition) kimoja tu. Usingizi haukudai ujue chochote.

Hukohuko Kafka mstari wetu hupewa kazi mbili. Kundi jipya la wapokeaji, usipobadilisha mipangilio, huanza kusoma mwisho wa orodha. Ujumbe uliotumwa kabla mpokeaji hajakaa sawa unampita. Basi jaribio linalala kabla ya kutuma, kisha linalala tena baada ya kutuma. Ungeweza kumwamuru mpokeaji asome tangu mwanzo, lakini hilo lingekulazimisha kufungua mwongozo.

Tusimsahau binamu yake, ule ukaguzi unaowekwa ndani ya kazi ya kupokea ujumbe. Ukishindwa, unapiga kelele katika uzi wake wa pembeni. Uzi mkuu wa jaribio hausikii kitu, na kijani kinaendelea.

Kuhusu gharama, hesabu yenyewe ni ndogo: majaribio 300 yakilala sekunde mbili kila moja, moja baada ya jingine, ni dakika 10 tu. Chai ya dakika 10 inanyweka vizuri. Linganisha na mpinzani wake, maktaba ya Java iitwayo Awaitility, ambayo isipoelekezwa vinginevyo huchungulia kila baada ya milisekunde 100 hadi sekunde 10, na ikikipata inachokitafuta inaondoka palepale. Chai utainywa saa ngapi? Tena ikishindwa huweza kukutajia ilikuwa inasubiri nini, na maneno ya namna hiyo Ijumaa jioni hakuna aliyeyaomba.

Mwishowe, mstari huu una cheo kinachopanda tu. Huajiriwa na sekunde mbili, pembeni pameandikwa «kwa muda tu». Seva ikilemewa hupandishwa hadi tano, baadaye kumi. Kuushusha hathubutu mtu, maana hakuna ajuaye ni sekunde ipi kati ya hizo inayofanya kazi. Anayetaka kumjua aliyeufikisha kumi na aitazame historia ya msimbo. Mara nyingi jina lililopo ni la yule aliyeupiga marufuku.