Mgeni Aliyechoshwa na Ukarimu

Okidi haifiki Nyantende kwa miguu yake. Inapakatwa kwenye gari la abiria kutoka mjini Bukavu, zawadi ya harusi au ya ubatizo, maua yake ya zambarau yakipewa nafasi kuliko abiria wa pembeni. Ikishuka tu, mahali pake pamekwisha kuamuliwa: saloni, juu ya kitambaa cha kufuma, kando ya televisheni. Dirisha liko mbali, lakini wageni wataiona.

Katika nyumba moja ya huko, mama aliimwagilia kila asubuhi. Binti naye kila aliporudi shuleni aliimwagilia, maana hakuambiwa. Jioni moja shangazi akapita kusalimia, akaona majani yamelegea. “Muko munainyima maji hii!” akasema, na kuimiminia kikombe kizima. Majani yalikuwa yamelegea kwa sababu mizizi imeoza, haiwezi tena kunywa. Okidi ilikuwa inakufa maji huku ina kiu.

Shangazi hana lawama. Okidi inayouzwa sana madukani, Phalaenopsis, kwao ni misitu ya Indonesia na Ufilipino, na huko haikai ardhini. Hushika magome ya miti, ikanywa mvua inayopita na kukauka. Hata kwenye miti ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa tangu 1970, okidi za kwetu hustawi bila kikombe cha mtu. Mwenye kutaka kujua kama ya nyumbani ina kiu hutazama mzizi: mkavu ni wa kijivu, uliolowa hugeuka kijani muda huohuo. Kwa kawaida mara moja kwa wiki inatosha, na maji yote yachuruzike.

Ila Nyantende ni nchi ya migomba, na mgomba ukidhoofika dawa yake ni samadi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu baada ya kikombe kile, koko, mzee wa familia, akaja na jembe kweli. Akamwaga magome yaliyokuwa chunguni (“takataka gani hizi?”), akaikata mizizi iliyochungulia nje akidhani ni minyoo, akajaza udongo mwekundu na samadi ya mbuzi. Kisha akauliza, “Inaliwa?”

Swali hilo lina haki yake. Vanila ni okidi, na mwaka 1841 Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuchavusha ua lake kwa kijiti na kidole. Leo inalimwa hata Beni. Nchini Zambia, viazi vya okidi za porini hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na vimechimbwa hadi nyanda za Kitulo, Tanzania. Phalaenopsis haina kiazi wala haina vanila. Koko aliposikia hivyo akarudi kwenye maharagwe yake.

Binti ndiye aliyeiokoa. Aliing'oa, akaondoa mizizi iliyooza, akaipanda kwenye vipande vya mkaa na magome. Mawe mepesi ya volkano ya Nyiragongo, yenye vitundu vya hewa, yangefaa pia. Lakini kaeleze bandarini kwamba umepanda boti hadi Goma, umerudi na mfuko wa mawe, na mawe yenyewe ni ya ua.

Maua yalipoanguka, watu wakadhani imekufa, wakaihamishia dirisha la jikoni, juu ya simbiliki wanaofugwa humo. Hakuna aliyeikumbuka isipokuwa binti. Kiangazi kikaingia na usiku wake wa baridi, ikachomoza shina jipya la maua. Wakulima wa Uholanzi hulipia mitambo ya kupoza mabanda ili wapate shina hilo.

Shangazi alipoliona, akaomba akatiwe kijiti akapande kwake. Wakamweleza kwamba hii si mhogo: kipande cha jani hakioti, na mbegu zake, ndogo mno, porini haziwezi kuota bila kuvu wa kuzilisha. Labda siku moja itoe mtoto kwenye shina, basi atapewa. Akawasikiliza mpaka mwisho, akachukua pochi yake, akaenda kuwaambia majirani kwamba nyumba ile, tangu iwe na ua la mjini, imekuwa ya wachoyo.