Nadharia ya Mbuyu: Mhadhara juu ya Masenta Wasiothaminiwa

Waheshimiwa (hapa Dodoma heshima hiyo humwangukia kila mwenye koti), nawapongeza kwa bahati ya kunisikiliza. Somo ni masenta wa kikapu waliopuuzwa, taaluma ambayo Nyanda za Kati nzima ina bingwa mmoja, na unyenyekevu unanizuia kumtaja zaidi ya mara moja kwa kila aya. Wapo wanaonong'ona kwamba bingwa huyo hajawahi kudunda mpira. Mganga hajigangi. Mchezaji hushughulika na mpira tu. Mimi, ambaye mpira haujawahi kunikaribia, ndiye niliyebaki na macho makavu ya kuutazama mchezo wenyewe, nikagundua Nadharia ya Mbuyu: senta, kama mbuyu, hapimwi kwa anachotupa bali kwa kinachoshindwa kupita alipo.

Chukueni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221. Kwamba hakuzaliwa Dodoma ni kasoro ya vizazi na vifo, si ya nadharia. Juni 2009, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, alichukuliwa na Memphis Grizzlies, wa pili katika drafti nzima ya NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Wakosoaji hukimbilia wastani wake: pointi 2.2 na ribaundi 2.7 katika michezo 224. Watu hawa ukiwaonyesha mbuyu watauliza unataga mayai mangapi. Tazameni msimu wake wa kwanza: dakika 13 kwa mchezo, mitupo 1.3 ikizuiwa. Zidisheni hadi dakika 48, kama nilivyofanya mwenyewe bila kikokotoo, mtakuta karibu mitupo 5, hatua chache tu kutoka rekodi ya Mark Eaton wa Utah, 5.6, ya msimu wa 1984/85. Hesabu hiyo inachukulia kwamba mapafu hayachoki na marefa wako likizo, masharti madogo. Makocha hawakuiona. Februari 2010 walimpeleka Dakota Wizards, ligi ya chini, ambako hakuna aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa kabla yake. Hata katika kushuka, basi, aliweka rekodi. Kwamba hakutundika viatu, akacheza mpaka Taiwan zaidi ya miaka 10 baada ya drafti, nalitaja upesi tu, maana halina nafasi katika nadharia yangu.

Nitaulizwa Memphis walimwacha nani. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Hao ni watu wa kutupa mpira, hawahusiki na mhadhara huu, na sioni kwa nini waletwe kila mara. Mimi namleta Manute Bol, Mdinka wa Sudan, aliyezuia mitupo 2,086 na kufunga pointi 1,599 tu. Namleta Dikembe Mutombo wa Kinshasa, ambaye wastani wake haukufika pointi 10 lakini tuzo ya mlinzi bora aliibeba mara 4. Hapo mpinzani mjanja atadai kwamba Mutombo, basi, alithaminiwa, kwa kuwa alizuia kweli, misimu 18, bila hesabu yake kuzidishwa na mtu yeyote. Nimeichunguza hoja hii kwa siku kadhaa na nimeona ni ndefu mno.

Ushahidi mkuu ni mji huu. Mwaka 1973 uliteuliwa kuwa makao makuu kwa sababu uko katikati ya nchi, yaani senta, kisha ukakaa benchi hadi 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati. Na jina lake? Wagogo husimulia kwamba latokana na *idodomya*: tembo alishuka mtoni kunywa maji, akazama kwenye tope. Jitu kubwa, katikati ya nchi, miguu haing'oki, na watu wamejipanga pembeni wakitazama. Msomi mwoga angekiruka kisa hiki. Mimi namwona senta wa kwanza wa Dodoma katika nafasi yake sahihi, na nauliza: nani alipita alipokuwa amesimama? Wenye maswali wayaandike kwenye karatasi. Yenye jina la Curry yamekwisha kujibiwa.