Betri Haijafa, Mwalimu

Ukitaka kujua Arusha ina wataalamu wangapi wa umeme, simama kijiweni useme unatafuta betri ya sola. Muuza kahawa atakushauri. Dereva wa bajaji atakushauri. Mzee anayecheza bao, ambaye nyumbani kwake luku imeisha tangu jana, atakushauri kuliko wote.

Yalimkuta mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia. Alinunua Coaster kuukuu iliyochoka kubeba wanafunzi, akang'oa viti, akaweka kitanda, kabati na sinki, kisha akatangaza kwamba yeye na mkewe wataizunguka nchi ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiichora ubaoni tu. Kitanda hakikuleta ubishi. Ubishi ulianza kwenye betri, na kijiwe kikagawanyika Simba na Yanga: huku betri za maji, kule lithiamu.

Kwa hesabu kavu mchezo ulikuwa umekwisha mapema. Betri ya maji ya volti 12 na Ah 100 ina uzito wa karibu kilo 30, na mwenye kutaka idumu haishushi chini ya nusu. Ya lithiamu ya kiasi hicho hicho ni kilo 11 hadi 13, inakubali kutumiwa asilimia 80 au 90 ya umeme wake, na huvumilia mizunguko 2,000 na zaidi ya kuchajiwa na kutumiwa. Ya maji, ikishushwa hadi nusu kila siku, huanza kulegea baada ya mizunguko kati ya 300 na 500. Kinachouma kwenye lithiamu ni siku ya kulipa. Mwalimu alipiga hesabu, akaumia, akakubali.

Duka la kwanza lilimtolea betri "ya lithiamu, Ah 200", yenye stika ya dhahabu na bei ya huruma. Akainyanyua kwa mkono mmoja, na hapo ndipo aliposhtuka, kwa sababu mgongo wake hauruhusu hata nusu debe la mahindi. Akaomba aipime. Jirani na duka palikuwa na muuza viazi mwenye mizani. Ikasoma kilo saba na ushee.

"Mbona nyepesi hivi, kijana?"

"Teknolojia mpya, mzee wangu. Zile nzito ni za zamani."

Teknolojia mpya ipo, lakini nayo ina kikomo chake. Betri ya Ah 200 ya volti 12.8 hubeba Wh 2,560. Seli nzuri za lithiamu za sola hubeba kama Wh 160 hadi 180 kwa kila kilo, hivyo seli peke yake, kabla ya kasha, nyaya na saketi, zinakaribia kilo 15. Yenye kilo saba ina nusu ya kilichoandikwa, ikijitahidi sana. Ni ndugu wa zile betri ndogo za tochi, 18650, zinazoandikwa mAh 9,900 ilhali zilizo bora kabisa huishia karibu na 3,500. Muuza viazi, aliyesikiliza yote hayo bila kuulizwa, alisema yeye akimpunja mteja kiasi hicho angekuwa ameshafikishwa kwa mtendaji.

Kabla Mwalimu hajapata nyingine, shemeji yake akaja na habari kwamba lithiamu inalipuka. Ushahidi wake ulikuwa simu ya mtu wa Moshi. Hofu hiyo haikuzuka hewani: mwaka 2013 ndege za Boeing 787 zilisimamishwa kuruka dunia nzima baada ya betri zake za lithiamu kupata hitilafu na kuungua. Ila zile zilikuwa za lithiamu na kobalti. Nyingi zinazofungwa leo kwenye sola na magari ya kulala ni za lithiamu, chuma na fosfati, ambazo mafundi huziita LFP, nazo huhitaji joto kali zaidi kabla ya kuchachamaa. Mchanganyiko huo ulitoka miaka ya 1990 katika maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas. Goodenough alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97, mzee kuliko mtu yeyote aliyewahi kuipokea, jambo lililomfurahisha sana mstaafu wetu. Wala ndani yake hamna kobalti, ile ambayo wachimbaji wa Kolwezi, wanaozungumza Kiswahili kama sisi, huitoa ardhini kwa jasho jingi.

Mwalimu akakwama kwenye neno fosfati. "Hii si ndiyo ya Minjingu?" Ndiyo, ukoo ni mmoja: Minjingu, kwenye barabara ya Arusha kwenda Babati, huchimbwa fosfati ya kutengenezea mbolea. Shemeji akaridhika kwamba mbolea haiwezi kulipua gari, akaondoka. Tangu siku hiyo betri ya Mwalimu inaitwa mbolea.

Betri yenyewe ikabidi isubiri, maana mtu hajui anunue kubwa kiasi gani mpaka ajue atawasha nini. Mwalimu alichukua daftari na kalamu nyekundu. Friji ndogo ya compressor, inayokula kama wati 50 inapozunguka na kupumzika zaidi ya nusu ya muda, itamaliza kama Wh 500 kwa siku. Taa nne za LED kwa saa nne jioni, Wh 80. Feni usiku, Wh 160. Simu mbili, Wh 30. Jumla haikufika 800. Akajipigia mstari, akajipa tiki.

Mkewe akalisoma daftari taratibu. "Baba, pasi iko wapi?"

"Tunaenda porini, mama. Nani atatutazama?"

"Na birika?"

Hapo kalamu ikasimama. Birika la umeme la wati 2,000 linalochemsha lita moja na nusu halili umeme mwingi kwa jumla, kama Wh 160 hivi. Shida yake ni kuutaka wote kwa mkupuo. Kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 170 ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta, na betri nyingi za Ah 100 zina saketi ya ulinzi inayokata kwenye ampea 100. Kwenye volti 24 mvuto huo unashuka hadi karibu ampea 90. Coaster nyingi za dizeli kutoka Japani ni za volti 24, na hiyo ya Mwalimu ilikuwa mojawapo. Mkewe akashinda bila kujua volti ni nini.

Fundi wa gereji alikuwa na njia fupi zaidi. Kwa nini kununua betri nyingine wakati gari lina mbili tayari, volti 12 kwa 12? Friji ikafungwa kwenye betri moja kati ya hizo mbili, kama wengi wanavyofungia redio kwenye malori. Inafanya kazi, na ndiyo maana haiachwi. Alteneta huzichaji zote mbili kwa pamoja bila kujua kwamba moja inanyonywa usiku kucha, basi iliyonyonywa haijai kamwe na mwenzake anajazwa kupita kiasi. Haukupita muda, asubuhi moja Coaster ikagoma kuwaka. Betri moja ilikuwa hoi, nyingine imekauka maji. Majirani waliisukuma, wakipaza sauti kama makonda, mwanamke mmoja akauliza nauli ya Kilombero ni shilingi ngapi.

Ndipo ikanunuliwa betri ya LFP ya volti 25.6 na Ah 100, ikapimwa mbele ya muuza viazi (kilo 22, akapiga makofi), na paneli mbili za wati 200 zikapanda juu ya paa. Kijiwe kilitaka ziinuliwe kwa fremu zielekee jua. Mwalimu akakataa kwa fahari ya kazi yake: Tanzania iko karibu na ikweta, jua hupita karibu na utosi, na paneli iliyolala chali haipotezi kitu cha maana. Alikuwa sahihi kabisa. Kitakachokula umeme wa paneli iliyolala ni vumbi, na fagio tunalo.

Kwenye nyaya palikuwa na vita vidogo. Fundi alitaka kuunganisha alteneta moja kwa moja na lithiamu. Lithiamu haina haya, ikiwa na njaa huvuta ampea zote inazopewa, na alteneta ya zamani hupata joto hadi kuungua. Kwa hiyo katikati hufungwa chaja inayopima kiasi cha kupitisha. Kisha fyuzi kubwa ya betri ilipokatika siku ya majaribio, fundi akaiziba kwa nyuzi za waya wa shaba. "Hii haikatiki tena, mzee," alisema kwa kujivunia. Alisema kweli. Kitakachokatika badala yake ni waya, kitanda na paa. Mwalimu akaenda mwenyewe kununua fyuzi, na akanunua tatu.

Safari ya kwanza ilikuwa Pangani. Mwalimu wa jiografia, aliyejua jua la nyuzi tano kusini mwa ikweta linapita wapi saa ngapi, alifika ufukweni, akaona joto, akaegesha Coaster chini ya mwembe.

Kivuli cha mwembe ni kitamu kwa binadamu. Kwa paneli ni njaa, kwa kuwa seli hufungwa kwa mfuatano, na majani yakifunika kona moja tu umeme wa paneli nzima huporomoka. Friji, kwa joto la pwani, ikawa inazunguka karibu bila kupumzika. Feni ikaenda usiku na mchana. Birika likachemsha chai asubuhi na jioni, kisha chai ya majirani wa kambini waliokuja kuona basi lenye jikoni. Mwalimu hakuwa na wasiwasi: alikuwa na mita ya volti, na ilisoma 26.3. Kesho yake 26.2. "Imejaa!" akawatangazia wageni.

Kwenye betri ya maji volti hushuka taratibu, na mtu aliyezoea huisoma kama geji ya mafuta. LFP haiko hivyo. Volti zake hukaa mahali pamoja tangu karibu na kujaa hadi karibu na kuisha, halafu huanguka ghafla. Anayetaka kujua kilichobaki hufunga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Muuzaji aliitaja mita hiyo. Mwalimu aliiona ni anasa.

Asubuhi ya tatu mkewe aliwasha birika. Inveta ikalia mara moja, ikanyamaza. Taa, friji, feni, vyote kimya. Fundi wa jirani aliitwa, akaja na testa, akagusa nguzo za betri. Sifuri. Si volti 20, si 10. Sifuri.

"Pole, mzee. Imekufa. Ila nakupa elfu hamsini, niichukue kama skrepa."

Mwalimu alishaanza kuwaza elfu hamsini hizo zitafika wapi kwa dizeli, mkewe akamshauri ampigie kwanza yule mwanafunzi wake wa zamani anayetengeneza bodaboda za umeme Dar es Salaam.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Betri yangu imefariki."

"Inasoma ngapi?"

"Sifuri."

Kijana akacheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka. "Haijafa, Mwalimu. Imejizima yenyewe."

Ndani ya kila betri ya LFP iliyotengenezwa vizuri kuna saketi ya ulinzi, BMS, inayolinda seli zisijazwe kupita kiasi, zisivutwe kwa nguvu kupita kiasi, wala zisikaushwe. Umeme ukishuka mno hukata kabisa, na kwenye nguzo testa haioni kitu. Baya zaidi, vidhibiti vingi vya chaji ya sola huhitaji kuiona betri kwanza ndipo viamke, kwa hiyo hata gari likisogezwa juani paneli haziwezi kuiokoa. Dawa ni chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuiamsha betri iliyojizima. Mwalimu alikuwa nayo. Ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya boksi lake, bado imefungwa plastiki, pamoja na kijitabu cha maelekezo ambacho mtu aliyefundisha maisha yake yote hakuona haja ya kukisoma. Nyumba ya wageni ikawapa waya wa ekstensheni, na baada ya dakika chache friji ikaanza kunguruma. Fundi wa testa alikaa kidogo kuangalia, akasema alijua, alikuwa anawapima tu.

Wakiwa njiani kurudi, Mwalimu alipigiwa na muuzaji mwingine aliyemshawishi abadili betri achukue yenye hita ndani. Hita hizo si utapeli: LFP haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, maana lithiamu hugandamana ndani ya seli na kuiharibu, na mtu anayelala kwenye gari Ulaya wakati wa baridi anaihitaji kweli. Wa kutoka Arusha kwenda Pangani anayo hofu ya upande wa pili. Betri nyingi hazitaki kuchajiwa zikipita nyuzi 45 hivi, na karibu na injini, au chini ya bati kwenye jua la mchana, joto hilo linafikika kirahisi. Kwa hiyo mahali pake ni ndani, sakafuni, penye hewa. Kulipia hita ya betri Tanzania, isipokuwa una mpango wa kuegesha Kibo, ni kumnunulia samaki koti la mvua.

Kwa Coaster ya volti 24 yenye watu wawili na friji moja, LFP ya Ah 100 iliyopitia mizani inatosha. Pesa ya kutaka kubwa zaidi iende kwenye nyaya nene, fyuzi halisi na mita ya kuhesabu ampea. Na chai ichemshwe kwa mtungi wa gesi wa kilo sita. Mkewe Mwalimu ameshakubali, kwa sharti kwamba safari ijayo pasi inakuja.